Kipande cha Tatu Hakichimbwi

Kochi la maharusi lilitumbukia handakini asubuhi ya Jumamosi, mtaa mzima ukitazama.

Waliolibeba walikuwa wanne: fundi mwenyewe aliyelishona, kinyozi wa mlango wa pili, na wapagazi wawili waliookotwa kituoni. Lilikuwa kochi la watu watatu, kitambaa chekundu kilichoiva, vifungo vimezama mgongoni kama vitovu vya watoto wachanga. Mbele ya karakana, pale palipokuwa na barabara, sasa palikuwa na handaki refu la njia mpya ya mabasi, na juu yake palilazwa ubao mmoja. Binadamu huvuka ubao kwa kujibana. Kochi halijui kujibana. Walipofika katikati, ubao ukapinda, mpagazi wa mbele akaruka ng'ambo kuokoa miguu yake, na kochi likashuka taratibu, kwa heshima zote, likakaa kwenye matope likitazama juu kama linangoja mgeni.

Wako waliocheka, kwa sababu kicheko hakimwombi mtu ruhusa. Wengine walishika vichwa. Mke wa fundi alikuwa nyuma ya msafara, amekumbatia mito ya kochi lile lile, na alibaki nayo kifuani asijue pa kuiweka.

"Msimtazame fundi," Mama Dawa, mwenye duka la dawa ng'ambo ya pili, akapaza sauti. "Mtazameni huyo mwenye mito! Si ndiye anayepanga wapi pachimbwe na lini? Si ndiye Mama Ratiba?"

Jina hilo alikuwa amepewa kazini, kwa mapenzi. Siku hiyo lilimwingia kama mwiba wa samaki. Kweli alifanya kazi katika ofisi ya mradi, na kweli kazi yake ilikuwa kupanga nini kitangulie na nini kifuate ili ujenzi usikwame. Ila kwa ratiba aliyoipanga yeye, handaki la mbele ya karakana ya mumewe lingekuwa limekwisha kufukiwa. Angemweleza nani, na mito mikononi?

Mjomba wa bwana harusi, aliyekuja na gari la mizigo, alitazama chini, akasonya.

"Fundi, harusi yetu haiahirishwi. Hilo kaa nalo mwenyewe."

Akawasha gari, akaondoka. Fundi alishuka handakini, matope yakampata magotini, akavua shati na kuanza kuufuta mkono wa kochi. Kila alipofuta, tope lilizidi kuenea. Mkewe akageuka, akaingia ndani.

*

Mama mzaa fundi aliishi nao. Alikuwa na goti bovu na ulimi mzima. Mchana ule alikaa mezani, akasogeza sahani pembeni, akamkazia mkwewe macho.

"Hebu nieleze, mwanangu. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Kwa nini tumezungushiwa mashimo kama maiti?"

"Mama, maneno gani hayo," fundi alisema.

"Nyamaza, sijakuuliza wewe."

Mke wa fundi akamweleza. Barabara ilikuwa imegawanywa vipande vitatu. Chini yake yalipita mabomba ya maji, na mabomba hayo lazima yahamishwe kwanza, ndipo zege la njia ya mabasi limwagwe. Wenye kuhamisha mabomba ni idara ya maji, nayo ilikuwa na genge moja tu la mafundi. Kwa hiyo yeye alipanga kipande cha kwanza kichimbwe, mabomba yahamishwe, zege limwagwe, watu wapate pa kupita. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Meneja wa mradi alikipenda kipande cha kwanza kilipochimbwa. Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakasema sasa kazi inaonekana. Basi akaamuru na cha pili kichimbwe hapo hapo, wakati yeye mpangaji yuko msibani kwao. Tangu hapo lile genge la mabomba lilikuwa likivutwa huku na huku, leo kipande hiki, kesho kile, na hapakuwa na kimoja kilichomalizika.

"Kwa hiyo unalijua kosa," mkwewe alisema.

"Nalijua, na nimelisema."

"Umelisema wapi?"

"Ofisini."

"Ofisini!" Bibi alicheka bila kufungua meno. "Umewaambia waliochimba kwamba wamechimba. Umefanya kazi kubwa."

Fundi alikuwa akila, kucha zake bado zina tope. Hakumtetea mkewe, wala hakumlaumu. Afadhali angelaumu.

*

Jumatatu meneja alimwita. Alikuwa mtu mwenye adabu, huyu meneja. Hakuwahi kumfokea mtu. Alimvutia kiti, akamwagizia chai, akamuuliza hali ya mama mkwe na lile goti.

"Dada yangu," alisema, "tunatarajia ugeni. Wenye fedha zao wanakuja kuona mradi. Nataka wakifika waone barabara nzima iko kazini, mwanzo mpaka mwisho. Kipande cha tatu tukifungue wiki hii."

"Kufungua ndiko kuchimba?"

"Ndiyo lugha yetu, unaijua."

"Ndugu meneja, mabomba ya kipande cha pili hayajahamishwa. Genge ni moja. Mvua iko mlangoni. Tukichimba cha tatu, lile handaki litakaa wazi msimu mzima likichota maji, na mbele yake ni mlango wa zahanati wanakojifungulia kina mama. Wajawazito watapita wapi?"

"Tutaweka ubao."

Alisema hivyo bila kebehi yoyote, na hapo ndipo mke wa fundi alipohisi damu ikimpanda. Akakiweka kikombe chini.

"Ratiba mpya iko tayari," meneja akaendelea. "Inahitaji sahihi yako tu, maana wageni wanalijua jina lako. Wakiliona, hawaulizi zaidi." Akalainisha sauti. "Nimesikia habari za kochi. Pole sana. Mumeo ana mkono mzuri, wanasema. Vituo vya mabasi vitahitaji viti, ofisi mpya zitahitaji viti. Kazi ya miaka. Mtu wa kumpa natakiwa nimtafute mimi."

Nje mashine ilikuwa ikisaga kokoto. Mke wa fundi aliwaza karakana isiyo na mteja, kinyozi anayekata nywele zake mwenyewe kwa kukosa kichwa kingine, mumewe magotini kwenye matope. Angesema kwamba hakushawishika, angekuwa muongo. Alishawishika kabisa. Aliviona hata vile viti, safu kwa safu, na mumewe akivikagua kwa kiganja.

"Naomba nikafikirie," alisema.

"Fikiria, dada yangu. Sahihi haiumi."

*

Alipofika nyumbani, fundi alikuwa amekwisha kusikia. Mtu wa meneja alimtangulia, akapita karakanani kana kwamba anauliza bei ya stuli.

"Wamekuambia?" mumewe aliuliza.

"Wamekuambia na wewe?"

"Wameniambia."

Alikuwa akikata sifongo kwa kisu kirefu, kwa mazoea tu, maana hapakuwa na kochi la kuwekea. "Mke wangu, mimi sijawahi kukuomba kitu cha kazini kwako. Hata siku moja. Sasa nakuomba. Watachimba tu. Utie sahihi usitie, watachimba. Tofauti ni moja: ukitia, tunakula."

"Na ikijulikana?"

"Nani atajua? Mama Dawa anakutukana sasa hivi kwa kosa ambalo hukulifanya. Basi angalau utukanwe kwa kosa lenye faida!"

Maneno yalimtoka kwa kasi, kisha akatazama pembeni kama mtu aliyetema mate karibu na mgeni. Mkewe alitaka kukasirika, hakuweza. Alikuwa ameolewa na mtu huyu kwa sababu hajui kusema uongo, na sasa alikuwa akimwambia ukweli: kwamba amechoka kuwa mume wa mtu mwenye msimamo.

"Kesho ni siku ya mama kwenda zahanati," alisema. "Tulale. Tutaongea."

*

Asubuhi walitoka watatu. Bibi alifika kwenye ubao, akaujaribu kwa fimbo, ubao ukamjibu kwa kunesa. Akarudi nyuma.

"Hapa mimi sipiti."

"Panda mgongoni, mama," fundi akachuchumaa.

"Mgongoni kwa nani?"

"Kwangu."

"Wewe nilikubeba mimi."

"Ndiyo nakurudishia. Panda, watu wanatazama."

Akapanda. Mtoto akambeba mama yake juu ya handaki, hatua kwa hatua, ubao ukilalamika, mkewe akitangulia kinyumenyume amenyoosha mikono kama anayemfundisha mtoto kutembea. Kinyozi alizima redio. Mama Dawa alitoka mlangoni, akaona, akarudi ndani. Katikati ya ubao, bibi, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, aliufunga uso wake kwa mtandio. Mkwewe ndiye aliyeona. Bibi alikuwa analia, na hakutaka mwanawe aseme mbele ya watu kwamba mgongo wake umelowa.

Kipande cha tatu kilikuwa bado barabara. Zahanati ilikuwa hapo, mlango wazi, na wanawake wakiingia kutoka pande zote: mwenye tumbo la mwezi wake, mwenye mapacha, mmoja aliyeletwa kwa pikipiki, amejishika kiuno na kuuma kanga. Pikipiki ilisimama mlangoni kabisa. Wauguzi wawili wakamdaka, wakamwingiza.

Fundi alisimama akautazama ule mlango. Akatazama lami iliyokuwa mbele yake. Alikuwa na macho ya vipimo, kama mafundi wote, na mkewe alijua anachokipima.

"Wanataka kuchimba hapa?" aliuliza.

"Hapo uliposimama."

"Na ubao?"

"Na ubao."

Walipokuwa wanarudi, alipochuchumaa tena kumbeba mama yake, alisema bila kuinua kichwa, "Vile viti wampe mwingine."

*

Sahihi haikupatikana. Meneja hakufoka, alitabasamu, akasema anaelewa. Kesho yake mke wa fundi alikuta meza yake imehamishiwa chumba cha kuwekea kofia za kazi na viatu vya mpira. Jedwali lake la ukutani, lile lenye vipande vitatu vya rangi tatu, lilikuwa limebanduliwa. Mwenzake waliyekaa meza jirani tangu mradi uanze alipita mlangoni akijifanya anasoma simu. Baadaye alirudi, akasimama kizingitini.

"Nimetia mimi," alisema. "Usinichukie. Nina watoto."

"Sikuchukii," alijibu. "Ila usije hapa kuomba nikufariji."

Siku ya mkutano na wakazi ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Meneja alimweka mke wa fundi meza kuu, katikati ya mwenzake na mhandisi wa idara ya maji, aliyeitwa na wote Bwana Maji. Mke wa fundi alikuwa amewekwa hapo kama ua la plastiki, ili wakazi wamwone mtu wao. Aliambiwa akiulizwa aseme kila kitu kiko kwenye mpango.

Meneja alisema vizuri. Alisema subira, alisema maendeleo, alisema mabasi mapya yenye viti laini. Kisha akatangaza kwamba kipande cha tatu kitaanza kuchimbwa kesho asubuhi.

Ukumbi ukavuma. Mama Dawa akasimama.

"Mimi sina elimu ya barabara. Nauliza tu. Hili la kwanza mtalifukia lini?"

"Kwa mujibu wa ratiba..."

"Ratiba yupo hapo. Namuuliza yeye." Akamnyooshea mke wa fundi kidole. "Wewe! Unakaa na sisi, unavuka ubao na sisi. Tuambie, litafukiwa lini?"

Meneja akamgeukia kwa tabasamu. Mke wa fundi akatafuta uso wa mumewe katika umati, akaukuta karibu na mlango, kando ya bibi aliyepewa kiti. Fundi hakumtikisia kichwa wala kumpa ishara. Alikuwa amesimama tu, mikono nyuma, kama anayemsubiri mtu amalize kazi waende nyumbani.

Akasimama.

"Kwa mpango huu, sijui," alisema. "Wala hapa mezani hakuna anayejua. Ratiba hii si yangu. Mimi nilikataa kuitia sahihi."

"Dada yangu, kaa," meneja alisema polepole.

"Sikai. Jirani zangu, waliochimba mbele ya maduka yenu walijua hakuna genge la kutosha kuhamisha mabomba. Kipande cha tatu nacho ni hivyo hivyo. Kikichimbwa kesho, mvua itakikuta, na zahanati itafungiwa nje. Kinachimbwa ili wageni wakione. Basi. Hakuna sababu nyingine."

"Huyu mtumishi hana mamlaka ya kuzungumza kwa niaba ya mradi!" Kwa mara ya kwanza meneja alipaza sauti, na yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko watu walivyotarajia. "Kuanzia sasa hivi si mtumishi wetu. Toka."

"Nitatoka. Bwana Maji, una magenge mangapi ya mabomba?"

Bwana Maji aliitazama mikono yake. Alikuwa amekuja kunywa soda na kuondoka.

"Moja," alisema. "Na hakuna aliyetuuliza."

Kelele zilizofuata hazikumruhusu mtu mwingine kusema. Mke wa fundi alichukua mkoba wake, akapita katikati ya watu. Mama Dawa alisogeza mguu ampishe, kisha akamshika mkono kwa nguvu, akamwachia. Hakumwomba radhi. Alikuwa si mtu wa hivyo.

*

Mtambo wa kuchimbia ulikuja asubuhi vile vile, kana kwamba hapakuwa na mkutano. Watu wa kazi waliuita kijiko, na dereva wake waliyemwita Mzee Kijiko alikuwa na kofia iliyopauka na sigara sikioni. Alipofika mbele ya zahanati alikuta barabara ina watu. Hawakuwa na mabango wala mawe. Walikuwa wamesimama tu: kinyozi na taulo lake begani, Mama Dawa, wauguzi waliomaliza zamu, fundi na mkewe, na mbele kabisa bibi, ameegemea fimbo, goti lake limefungwa bendeji mpya.

"Bibi, sogea," Mzee Kijiko alisema kutoka juu.

"Nisogee niende wapi? Kila upande mmechimba."

Watu wakacheka, na safari hii kilikuwa kicheko kingine. Msimamizi aliyekuja na gari dogo alipiga simu, akafoka, akapiga tena. Akamwamuru dereva ateremshe kijiko.

Kile chuma kikashuka mpaka kikagusa lami, meno mbele ya viatu vya bibi. Fundi akamvuta mama yake, mama akaukung'uta mkono wake. Mke wa fundi akasogea akasimama ubavuni mwa mkwewe. Aliogopa, na alibaki.

Mzee Kijiko akazima mtambo.

"Mimi nimeajiriwa kuchimba udongo," alimwambia msimamizi. Akateremka, akaitoa sigara sikioni, akamwomba kinyozi moto.

Walikaa hapo mpaka jua likawa kali. Wageni wenye fedha walikuwa waje alasiri, na hakuna aliyetaka waikute barabara ikiwa na bibi katikati. Mchana ule amri ilitoka kwa wakubwa wa meneja: mtambo urudi yadi, genge la mabomba liwekwe lote kipande cha kwanza, na kipande cha tatu kisiguswe mpaka vile viwili vikamilike. Ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo. Hakuna aliyesema hivyo.

Mvua zilipoanza, mbele ya karakana palikuwa na zege. Kipande cha pili kilibaki wazi, na kilijaa maji, na watu waliteseka nacho. Karakana ilirudi kidogo kidogo. Fundi alipata makochi mabovu ya kutengeneza, si mapya ya kushona. Mke wa fundi alitafuta kazi, akapata vibarua vya kuwapangia wajenzi wa nyumba ratiba zao. Wengine walimkataa walipolisikia jina lake. Wengine walimtafuta kwa ajili ya jina hilo hilo. Nyumbani walipunguza vitu vingi, na bibi alilalamikia kila kimoja kwa zamu yake.

Siku moja alikuwa anarudi kwa miguu kupitia kipande cha pili, kile kinachoanzia mlangoni kwa kinyozi, kwenye ule wembamba uliobaki kati ya handaki na ukuta wa maduka, gari la meneja likamfikia kwa nyuma. Kioo kikashuka.

"Dada yangu. Habari za siku nyingi."

"Nzuri."

"Nyumbani hawajambo? Na mama?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Meneja alikohoa. Mambo yalikuwa yamemchachia, alisema. Zege linakuja wakati nondo hazijafungwa, nondo zinakuja wakati mabomba hayajapita. Yule mwenzake haiwezi kazi. Angerudi? Kimya kimya, bila kelele, mshahara ule ule.

Alisimama akafikiria. Nyumbani kulikuwa na mambo mengi yanayosubiri mshahara ule ule.

"Nitarudi," alisema, "kwa sharti moja. Ratiba ibandikwe barabarani. Ubao mkubwa, kila kipande na tarehe yake, kila mtu asome. Mama Dawa asome. Tukichelewa, atuulize."

"Hilo haliwezekani."

"Basi na mimi siwezekani."

Akaendelea na safari yake. Meneja alipandisha kioo. Pa kugeuzia gari hapakuwapo. Kulia handaki, kushoto kuta za maduka, na nyuma mkokoteni wa saruji ulikuwa umekwisha kuingia. Njia ilikuwa moja tu, nayo mke wa fundi alikuwa katikati yake, mkoba begani, akitembea mwendo wake wa siku zote. Meneja akamfuata polepole, mguu kwenye breki. Mara moja alipiga honi, kidogo, kwa adabu. Kinyozi akatoka mlangoni na mkasi mkononi aone nani anapigiwa honi. Mama Dawa naye akatoka.

Mke wa fundi hakugeuka. Alisimama kumsalimu kinyozi, akamuuliza hali ya mkewe, akasikiliza jibu mpaka mwisho, ndipo akaendelea.